Ukiulizwa wapenda muziki gani, usijibu "wote"

Nashona nguo Majengo, Mombasa, huu mwaka wa 23. Kibandani kwangu mna cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, kioo kirefu, na spika ndogo niliyoitundika msumarini juu ya kioo. Mteja akisimama nimpime, hana budi kusikia kinachopigwa. Huenda ni udi wa Zein l'Abdin. Ukiisha huo, aingie Franco na OK Jazz, kisha Mohammed Rafi wa nyimbo za sinema za Kihindi, kisha vijana wa singeli wa Dar es Salaam. Hapo ndipo swali huja: "Bi fundi, kwani wewe hasa wapenda muziki gani?"

Miaka mingi nilijibu, "Mimi napenda wote." Ni kweli tupu, na kila nilipolisema mazungumzo yalikufa palepale. Mteja alisema "aah", akageuka nimpime mgongo, basi. Nilichelewa kuelewa kwamba "wote" halimpi mtu pa kushika. Aliyeuliza alitaka kunijua mimi. Nilikuwa nikimjibu kama niliyeulizwa nyumbani kwetu ni wapi nikasema duniani.

Basi haya ni kwa mwenzangu ambaye sikio lake halichagui: jinsi ya kuuzungumza muziki huo na watu wasichoke, wasijione wadogo, na wasikununie.

Anza na karatasi

Kabla hujamwambia mtu, jiambie mwenyewe. Chukua karatasi, mimi nilitumia ya kukatia pateni, uandike nyimbo kumi zilizokukaa. Usiandike taarab, rumba, benga, rege. Andika wimbo ulikuingia wapi, nani alikuwako, na mlikuwa mwafanya nini.

Nilipofanya hivyo nilishangaa. Rumba yote niliyonayo ni ya marehemu baba, aliyefanya kazi bandarini Kilindini. Alirudi magharibi na kaseti ndani ya mkoba wa chakula, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa redio mpaka yeye anawe mikono. Kanda ikijivuta ndani ya mashine tuliitoa kwa upole tukaizungusha kwa biki. Hadi leo nikisikia gitaa la Franco nasikia na harufu ya sabuni ya kipande.

Umm Kulthum ni wa bibi jirani. Alihadithia kwamba ujana wake waliketi pamoja kuisubiri redio ya Cairo, kwani Umm Kulthum aliimba mubashara Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Kiarabu cha bibi hakikuzidi cha sala, na machozi yalimtoka vilevile. Lata Mangeshkar ni wa shangazi, aliyetupeleka sinema ya Regal tukiwa sita, watoto wawili kiti kimoja. Benga ni ya baba mmoja Mluo, nyumba ya pili kwa yetu, ambaye kila Jumamosi asubuhi alipiga D.O. Misiani na Shirati Jazz huku akisugua viatu vya familia nzima, jozi kwa jozi.

Karatasi ilipojaa nilihesabu nyimbo 14 na watu tisa. Miaka yote nilidhani nina tamaa ya muziki. Kumbe nililelewa na watu wengi, na kila mmoja aliniachia chake. Tangu siku hiyo sijaona haya kwamba siwezi kuchagua.

Jibu kwa wimbo mmoja

Ukishakuwa na karatasi hiyo kichwani, swali ni jepesi. Ukiulizwa wapenda muziki gani, taja wimbo mmoja au mwimbaji mmoja, na sentensi moja ya pale ulipokuingia. "Wiki hii nasikiza sana Mbilia Bel, enzi zile yuko na Tabu Ley. Baba alikuwa nazo kwenye kaseti." Kisha nyamaza. Huo unyamavu ndio wenye kazi, kwa maana mtu atakuambia na yeye babake alikuwa na nini.

Wimbo gani? Mtazame aliye mbele yako, kama ninavyotazama bega kabla ya kukata. Ndani ya hizo nyimbo kumi za karatasi yako lazima kuna kitu kinachomkaribia. Kijana wa rapu mwambie ulivyowasikia Ukoo Flani mara ya kwanza na jinsi walivyokitumia Kiswahili. Mtu wa Freretown au Kisauni mtajie Mzee Ngala na bango, uone atakavyotabasamu, kwani harusi ya upande ule bila bango watu huona kama wali bila nazi. Bi mkubwa wa Mji wa Kale muulize swali moja tu: "Ujana wenu mlikuwa wa Zein au wa Bhalo?" Kisha vuta kiti.

Swali hilo lina uzito wake. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, alipiga udi na kufuata njia za Kiarabu na za Waswahili wa kale. Juma Bhalo sauti yake ilipanda juu, na nyimbo nyingi alizitia katika mahadhi ya sinema za Kihindi. Wapenzi wao waligawanyika kama wapenzi wa timu za mpira. Zein alifariki 2016 na Bhalo 2014, na ubishi haujafariki. Wewe unayewapenda wote wawili usiukimbilie kuuamua. Sikiza kila upande unavyoutetea, maana mtu akimtetea mwimbaji wake ndipo anapokufundisha kumsikiza.

Mheshimu mwenye wimbo mmoja

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo sisi wenye masikio mapana tunapokosea zaidi. Tunadhani aliyesikiza vingi amesikia zaidi.

Nina mteja, mama wa makamo, ambaye hasikizi chochote ila Juma Bhalo. Si jana wala juzi, tangu usichana wake. Nilikuwa nikimwonea huruma, Mungu anisamehe. Siku moja, nikiwa nampandisha pindo la dera, ukapigwa wimbo wa Bhalo niliousikia labda mara 200. Akaniuliza, "Huo ubeti waujua maana yake?" Nikasema ni mapenzi. Akacheka taratibu, akaketi na pini zake pindoni, akanifumbulia ubeti neno kwa neno: lipi la Kimvita cha kale, lipi la mabaharia, kina kipi kimewekwa pale kwa kusudi. Bhalo aliimba mashairi ya mabingwa, akiwemo Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule Malenga wa Mvita, na shairi la mtu kama huyo huwezi kulipitia kama upitavyo dukani. Nilikuwa na mamia ya nyimbo katika simu, na wimbo ule sikuwa nao hata kidogo.

Kwa hivyo ukikutana na mtu wa aina moja, usimwambie "jaribu na hiki." Muulize akuonyeshe pale anapopapenda zaidi ndani ya hicho chake. Mpenzi wa rumba atakusubirisha mpaka sebene ianze, pale magitaa yanapochukua wimbo watu wacheze, akuonyeshe gitaa la mi-solo linavyopita katikati ya solo na ridhimu. Mpenzi wa benga atakuonyesha gitaa linavyomjibu mwimbaji kama nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi nane. Mpenzi wa udi atakunyamazisha wakati wa takasimu, pale ala inapozungumza peke yake kabla ya maneno. Maneno haya yashike, kwani ndiyo ya kuzungumzia. "Wimbo mtamu" huishia hapo, lakini ukisema "ile besi inaponyamaza kabla ya kiitikio," mtu anajua kweli ulikuwa unasikiza.

Tafuta undugu wa nyimbo

Kipaji chetu sisi wapenda vingi ni kimoja: twaweza kumvusha mtu, kama feri ya Likoni. Lakini feri haianzi safari upande usiokuwa na abiria. Anzia pale mtu alipo.

Mpenzi wa Bhalo, mrudishe kwa Rafi. Mwache asikie mahadhi anayoyajua yakiimbwa kwa Kihindi. Utamwona kichwa kinainama, "Heee, huu si ule?" Hapo umeshavuka naye Bahari ya Hindi na hakulowa.

Mpenzi wa Les Wanyika umeanza naye mwisho wa safari ndefu. Kuanzia 1933 kampuni ya HMV ilitoa mfululizo wa santuri zilizojulikana kwa herufi GV, nyingi zikiwa na muziki wa Kuba, zikauzwa Afrika. Wakongo wakazipokea kama mtoto aliyerudi nyumbani, maana ngoma za Kuba zina damu ya watumwa waliochukuliwa upande huo. Wakaufanya rumba wao. Rumba hiyo ikashuka huku kwetu, na ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, wakaiimba Kenya kwa Kiswahili na Simba Wanyika. Mwaka 1978 kundi likagawanyika, na waliotoka wakawa Les Wanyika. Usimwagie mtu haya yote kwa pumzi moja. Mpigie wimbo wa Kuba wa zamani, umwambie, "Sikiza gitaa hili, lakukumbusha nani?" Historia itaulizwa yenyewe.

Mimi kipenzi changu katika undugu huu ni tashkota. Ile ala ya taarab ya Mombasa yenye vibonyezo kama taipureta, inayolia kama kengele ndogo ndogo nyuma ya sauti ya Zuhura Swaleh, asili yake ni Japani. Ilibuniwa Nagoya mwaka 1912. Nikimwambia hivi kijana anayesema taarab ni ya wazee, huomba kuisikia, na akishaisikia huomba tena.

Na singeli. Hii nina deni nayo. Binti ya dada yangu, wakati huo ana miaka 17, alikuja na simu akanipigia wimbo, nami nikamwambia hizo ni kelele, huo si muziki. Maneno hayo yalitoka kinywani mwa mtu anayejisifu kwamba anapenda vyote. Alizima simu. Zikapita kama miezi mitano hakunipigia wimbo tena, na mimi ndiye niliyemfundisha kukaza uzi wa bobini. Iliniuma kuliko nilivyotaraji. Mwishowe nilimwita, nikamwomba radhi, nikamwambia anichagulie mmoja, mmoja tu, nami niusikize tangu mwanzo hadi mwisho bila kusema neno. Mapigo ya singeli hupita 200 kwa dakika. Mara ya kwanza nilihisi kama cherehani imeshikwa na jini. Mara ya tatu nikasikia chini yake kinanda cha taarab, kimeharakishwa na kurudiwa rudiwa. Ndivyo ilivyokuwa: watengenezaji wa mwanzo wa singeli, katika mitaa ya Dar es Salaam, walichukua vipande vya taarab wakavizungusha mbiombio kwenye ngoma za usiku. Nilipomwambia binti yetu nilichosikia, alirusha mikono juu. Yeye hakuwa amekisikia. Tangu hapo tunapeana wimbo mmoja kila Ijumaa, mimi wangu yeye wake.

Soma maneno kabla ya kutuma

Hili ni la Pwani hasa, na mgeni asipoambiwa ataumia. Wimbo wa taarab ni kama kanga: ina pindo, ina mji, na ina jina, na jina ndilo humfikia mtu. Harusini mwanamke akiinuka kumtunza mwimbaji kwenye ubeti fulani, akaupunga ule mkono wenye noti upande wa meza fulani, kila mtu ameelewa nani kaambiwa nini. Kwa hivyo ukimtumia mtu wimbo, huenda umemtumia ujumbe.

Nilimtumia shoga yangu wimbo usiku, kwa sababu tu tashkota yake ilinikosha. Maneno sikuyafikiria. Asubuhi na mapema alikuwa mlangoni kwangu na buibui begani, macho yamevimba. Wimbo ulikuwa wa mwanamke anayeambiwa mume si wake peke yake, na nyumbani kwake kulikuwa na minong'ono ambayo mimi siijui. Alidhani ndiyo njia yangu ya kumfikishia. Nilimketisha, nikamtilia chai, nikampigia tena pale penye tashkota, nikamwonyesha kwa kidole: hapa, na hapa. Ilichukua asubuhi nzima. Siku hizi nikituma wimbo naandika chini yake sababu: "Sikiza ala dakika ya pili, maneno yaache."

Na tuma mmoja. Ukituma kumi na mbili kwenye WhatsApp hakuna utakaosikizwa, mtu ataona umempa kazi ya nyumbani. Ukiwa mrefu, mwambie pa kuanzia. Wimbo wa Umm Kulthum wa jukwaani waweza kufika saa nzima, na asiyeuzoea akiachwa peke yake kwenye utangulizi wa ala ataondoka kabla bibi hajafungua kinywa.

Kuna wasiosikiza ala kabisa, kwa dini yao, na kuna wanaoziacha mwezi wa Ramadhani tu. Mwezi huo spika yangu mimi huishusha. Hilo halizuii mazungumzo. Zungumza nao sauti: msomaji gani wa kasida avuta pumzi ndefu, maulidi ya wapi yana dufu linalotetemesha kifua. Mara nyingi hao ndio wenye sikio kali, kwani wamezoea sauti isiyofichwa na kitu.

Mengine ni adabu za kawaida, nayataja nikipita. Usiukate wimbo wa mtu katikati ili uweke wako. Usimfanyie mtu mtihani wa majina na miaka. Akikosea jina la bendi mwache, labda awe ataka kuinunua. Matatuni usimwambie dereva apunguze ukianza na "hizi kelele". Sema kichwa chakuuma, atapunguza.

Jinsi ninavyozipanga

Wengi huniuliza nyimbo nyingi hivyo nazipangaje katika simu. Nimezipanga kwa kazi. Kukata kunataka mkono uliotulia, basi ni Zein na udi. Kushona mshono mrefu ni rumba, na sebene ikianza mguu wenyewe huongeza mwendo wa pedeli. Kupiga pasi ni Rafi na Lata, sijui kwa nini, pengine ni mvuke. Vifungo na pindo la mkono, usiku, ni Umm Kulthum. Wewe ukiwa wapika mahamri alfajiri au waendesha tuktuk, panga kwa kazi yako. Faida yake ni kwamba ukiulizwa wapenda muziki gani utakuwa na jibu hata siku uliyochoka: "Nikikata nguo husikiza huyu."

Na weka daftari. Langu ni lile la vipimo. Kila mteja ana ukurasa wake: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Chini ya urefu wa mkono naandika wimbo aliotaja. Kifua 38, kiuno 32, Mbilia Bel. Kifua 44, Juma Bhalo peke yake. Mtu akirudi baada ya mwaka kwa nguo ya Idi namwuliza kama bado ausikiza ule, na huwa haliamini sikio lake kwamba nimekumbuka.

Juzi amekuja kijana wa bodaboda kupunguza suruali mbili. Nilipokuwa nampima mguu aliniuliza lile swali, nikamjibu kwa Misiani na viatu vya jirani. Akasema bibi yake wa Rabai alikuwa akiimba mwanzele, ngoma ya Wamijikenda, na anao wimbo mmoja aliourekodi kwa simu matangani, kayamba na sauti za wanawake tu. Akanitumia palepale kwa blututhi. Suruali aja kuzichukua Alhamisi. Nimeusikiza mara nne nikishona pindo zake, na pale katikati, wanawake wote wanaponyamaza abaki mmoja, kuna neno moja la Kirabai silipati. Nimeliandika daftarini kama nilisikiavyo, chini ya urefu 40, nimwulize.